Nguzo Ambazo Hukuzigonga

Baba Sechelela,

Salamu sina. Nimezitafuta tangu asubuhi nikazikosa, na sitaki kukuandikia za uongo, maana uongo uliambiwa wa kutosha siku ya mazishi yako. Walisema ulikuwa shujaa wa Bwana. Walisema Shetani alikupiga vita tangu siku uliyobatizwa mpaka siku uliyokata roho. Mimi mjane wako nilikuwa nimekaa kwenye ngozi, kichwa nimekifunika, nikajiuliza hivyo vita alivipigana saa ngapi mtu aliyeshinda zizini akimkuna maksai wake.

Nakuandikia kwa Kiswahili ingawa tuliishi kwa Kigogo. Kiswahili ndicho ulichohubiria. Kigogo ulikitumia kuniulizia chakula. Na herufi hizi ulinifundisha mwenyewe, kwa mkaa, kwenye ukuta wa tembe yetu, mwaka ule wa kwanza tulipooana. Ulikuwa ukinishika mkono na kuniambia, "Polepole, mama, herufi haikimbii." Basi sikukimbia. Nimekuja polepole mpaka hapa, na leo zinakurudia wewe.

Tangu ufe mambo yamebadilika. Reli ya watawala wetu Wadachi imefika Dodoma. Watu wanatoka hata huku kwetu kwenda kulitazama hilo gari la moshi, wanarudi wamepoteza usingizi. Wengine wanasema ni kazi ya Shetani. Nimewaambia ni kazi ya watu, nimeona vijana wetu walivyopelekwa kuchimba udongo wake na jinsi walivyorudi migongo imepinda. Walitabasamu tu. Umewafundisha vizuri mno, mume wangu. Hapa kijijini hata mtu akijikwaa kwenye jiwe alilolitupa mwenyewe, mkosaji anajulikana.

Nataka ukae unisikilize, maana ulipokuwa hai hukuwahi kunisikiliza mpaka mwisho. Ulikuwa na neno lako moja la kufungia kila mazungumzo. Ulikula nyama niliyomwekea mama yangu mgonjwa, ukafuta midomo, ukasema, "Shetani alinipitia." Ulinizaba kofi mbele ya wageni waliotoka Mvumi, na jioni ukasema Shetani alikupitia. Ulikwenda Hombolo kufundisha watu, ukarudi siku ya tatu unanuka pombe, wewe uliyewavunjia wanawake mitungi yao ya pombe kwa fimbo. Nilipokutazama tu, kabla sijafungua kinywa, ukasema alikupitia tena. Nilianza kumhurumia Shetani. Nyumba yetu peke yake ilimpa kazi ya kutwa nzima.

Na sisemi hukuwa na wema. Nakumbuka siku niliyochomwa na mwiba wa mgunga tukitoka kuchota maji korongoni. Ulinikalisha chini, ukaushika mguu wangu, ukautoa ule mwiba kwa meno, taratibu, ukitema vumbi na kurudia, mpaka ukatoka mzima. Nilikuwa na mimba ya Sechelela. Ulinibebea mtungi mpaka nyumbani na wanaume wakakucheka njia nzima, wala hukujali. Siku ile nilijiambia nimepata mume. Ndiyo maana nina hasira. Kama ungekuwa mtu mbaya tangu mwanzo, ningekuzika nikanyamaza.

Sasa tuzungumze habari ya paa.

Wewe na mimi tumezaliwa kwenye tembe. Tembe haina siri. Kuna nguzo, kuna boriti juu ya nguzo, kuna fito na nyasi, halafu udongo juu ya vyote. Udongo ukinyeshewa unakuwa mzito. Kwa hiyo kila kiangazi, kabla mawingu hayajaanza kukusanyika, mwenye nyumba huchukua mchi akazigonga nguzo zake moja baada ya nyingine. Iliyo nzima hujibu sauti nene. Iliyoliwa na mchwa hulia kama kibuyu kitupu, nayo huondolewa. Halafu wanapanda juu, wanaziba nyufa, wanaongeza udongo pale penye upungufu na kuupunguza pale ulipozidi. Baba yako alifanya hivyo. Ndugu yako Malogo, ambaye ulimwita mpagani mbele ya wanawe, anafanya hivyo kila mwaka. Hata mtoto wa kuchunga ndama anajua.

Kanisa letu lilikuwa tembe kubwa kuliko zote kijijini, na wewe ndiye uliyekuwa mwalimu wake. Ulikaa humo, ulifundisha humo, ufunguo wa sanduku la vitabu ulikuwa shingoni mwako. Mwenye nyumba mwingine hakuwapo.

Kwetu ukitaka watu waje kwenye paa lako unapika pombe. Wanakuja asubuhi, wanafanya kazi, jua likigeuka wanakunywa, wanaimba, wanakwenda zao. Wewe ulikataza pombe. Hilo sikukulaumu na silaumu leo, maana nimeiona pombe ilivyommaliza baba yangu. Lakini watu walikuja kwako kwa adabu wakasema, "Mwalimu, pombe tumeiacha, ila tumbo hatujaliacha. Tutengenezee nyama." Na nyama ilikuwapo. Yule maksai wako mweusi mwenye baka jeupe begani, uliyempa jina la Mtemi, alikuwa amenenepa mpaka anatembea kama mzigo. Ukawajibu, "Kazi ya Bwana haina ujira." Nilikuwa nimekwisha kusaga uwele wa togwa, nikakuambia basi angalau wapate cha kunywa kisicholevya. Ukasema nisiwazoeshe.

Hawakuja. Nani angekuja? Na wewe mwenyewe hukuchukua mchi. Kiangazi chote kilipita. Vumbi la mchwa lilikuwa likidondoka juu ya vitabu, nikakuonyesha kwa kidole, ukalifuta kwa mkono wa kanzu ukaendelea kufundisha wimbo. Nilikuambia nyumbani. Nilikuambia shambani. Nilikuambia mbele ya Malogo, nikakutia aibu, ukanuna siku nzima. Nayaandika haya ili huko uliko usije ukasema kwamba mke wako alijua akakaa kimya.

Mvua ilikuja ikanyesha usiku kucha. Asubuhi watoto wakaingia darasani kukungoja. Wewe ulikuwa zizini. Mtemi alikuwa ameingiwa na kupe sikioni na ulikuwa unawatoa, mmoja mmoja, kwa upole ule ule ulionitolea mimi mwiba. Ndipo tukasikia ule mshindo.

Wengine walitoka na michubuko. Mmoja alivunjika mkono. Sechelela alikuwa amekaa chini ya nguzo ya katikati, mahali alipopapenda kwa sababu mwanga wa mlangoni ulifika pale akaona herufi vizuri. Tulimfukua kwa mikono. Nguzo ile nimeishika mwenyewe. Nje ilikuwa ganda, ndani ilikuwa unga.

Siwezi kuandika zaidi hapo.

Nimerudi. Nimekwenda kuchanja kuni kidogo.

Nilingoja, Baba Sechelela. Siku ya maziko ya mwanetu nilingoja ufungue kinywa useme, "Sikuzigonga." Neno moja tu. Ningelia nawe mpaka leo. Ningekushika kichwa nikakiweka mapajani pangu kama mama anavyomshika mtoto. Badala yake ulisimama kando ya shimo lile dogo ukasema kwa ile sauti yako nzuri ya kuimbia, "Shetani ametupiga." Wanawake wakapiga yowe. Ukaona neno limewaingia, ukaongeza, "Na ana mkono wake hapa hapa kijijini." Kisha ukageuza macho ukatazama kule kwenye kifusi, ambako majani ya mlenda ya Bibi Mbeleje yalikuwa yametapakaa matopeni.

Jina hukulitaja. Hukuwa na haja. Kila mtu alijua nani huanika mlenda wake juu ya paa la kanisa, kwa sababu kijumba chake mwenyewe ni kidogo na kina kivuli. Bibi mzee, hana mume, hana mtoto, hajabatizwa. Kikongwe mwepesi kama kapu tupu, eti alilivunja paa kwa uchawi wa Shetani kwa kupanda na ungo wa majani. Na mikono yake ndiyo iliyompokea Sechelela alipotoka tumboni mwangu. Ulikuwapo mlangoni. Ulimpa mbuzi wa shukrani.

Watu walianza kwa kutomwamkia. Baadaye wakamkatalia maji kisimani. Siku moja mtu akatupa kinyesi mlangoni pake, na kesho yake Mbeleje alichukua chungu chake na ngozi yake ya kulalia akaenda Haneti kwa mpwa wake. Alipita mbele ya mlango wetu. Ulikuwa unakula. Nilisimama nikataka kumfuata ukaniambia, "Kaa. Usijitie kwenye mambo ya yule mwovu." Nikakuuliza mwovu yupi. Ulichovya tonge.

Unamkumbuka yule askari wa akida? Habari ya kifo ilimfikia akaja na kamba yake na kofia yake nyekundu ya fezi, akakuuliza mtoto kafaje. Ukamwambia Shetani. Akakutazama, akasema, "Mwalimu, huyo Shetani tembe yake iko wapi? Kamba ninayo hapa." Watu walicheka kwa hofu. Nilitamani umwambie tembe yake ndiyo hii, nifunge mimi. Wadachi wangekufunga au wasingekufunga, sijui, lakini ungekuwa mwanamume. Ukampa kuku akaondoka.

Kisha ikaja homa yako. Nilikuuguza, hilo utanikubalia. Nilikukanda, nilikunywesha uji kwa kijiko, nilikugeuza ubavu huu na ule. Ulisema, "Shetani ananichoma." Nikasema ni homa. Ukasema, "Yuko pale mlangoni." Pale mlangoni alikuwa amesimama Malogo, ndugu yako, amekuletea maziwa mgando, na alisikia. Aliyaweka maziwa chini akaendelea kusimama.

Mpaka pumzi yako ya mwisho nilikuwa nangoja neno langu. Ulikuwa na akili zako, ulinitambua, ulinishika kidole. Nikainamisha sikio. Ukasema, "Mwambie Malogo amtunze Mtemi." Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho duniani. Watu waliniuliza marehemu alisema nini, nikawaambia hakusema kitu. Huo ndio uongo pekee niliokufanyia, na leo naufuta.

Sasa sikiliza yaliyotokea nyuma yako.

Walimleta mwalimu mpya, Andrea, kijana mpole, bado ndevu zinamsumbua. Alikusanya watu Jumapili palepale kwenye magofu, juani, akasema lazima kanisa lisimame tena. Akaniomba mimi, mke wa marehemu, nisimame niwashuhudie watu jinsi Shetani alivyompiga vita mume wangu, ili watiwe moyo. Kijana wa watu hakujua anafungua zizi gani.

Nilisimama. Nilisema: Mume wangu hakuzigonga nguzo. Alinyima nyama, watu wakanyima mikono, mchwa wakala, mvua ikanyesha, mwanangu akafa. Katika hao wote sikumwona Shetani. Nikawaambia wakumbuke habari ya bustani ambayo mwenyewe uliwafundisha kwa picha. Mungu alipokuja alimwuliza Adamu, akamwuliza na mke wake. Yule nyoka hakuulizwa neno hata moja. Aliadhibiwa tu. Walioulizwa ni watu, kwa sababu jibu lilikuwa kwao.

Mzee mmoja akasema marehemu hasemwi vibaya. Nikamwambia na aliye hai je? Mbeleje yuko hai, mbona tulimsema? Mwalimu Andrea akaniambia kwa upole, "Mama, angalia, huenda Shetani ndiye anakupa maneno haya." Nikamwambia, "Hapana, mwalimu. Haya nimeyapika mwenyewe, kuni zangu, chungu changu." Mwanamke mmoja nyuma alicheka, akaziba mdomo.

Nikakaa. Kisha nikasimama tena, maana nilikuwa sijamaliza. Nikasema watu waje Jumatano na mashoka yao, nami nitamchinja Mtemi.

Najua umeshtuka hata huko uliko. Malogo naye alishtuka. Habari ilimfikia kabla sijafika nyumbani, nikamkuta amekaa zizini juu ya lile jiwe ulilozoea kukalia. Kwa desturi maksai yule ni wake na mimi mwenyewe karibu niwe wake, na alikuwa na haki ya kunifukuza na fimbo. Akaniambia, "Shemeji, mali ya marehemu haichinjwi na mwanamke." Nikamweleza yote, tangu ile togwa mpaka wale kupe. Nilipomaliza aliuliza jambo moja. "Ni kweli hakuzigonga?" Nikasema ni kweli. Akalichora vumbi kwa kijiti. Kisha akasema, "Basi ni letu."

Hakusema mizimu. Hakusema uchawi, wala Shetani wako. Mtu ambaye hajawahi kunyunyiziwa maji, ambaye ulimkataza asile chungu kimoja nasi, alilichukua kosa lako akaliweka kwenye mabega ya ukoo wenu kama mtu anayepokea mtungi kutoka kichwani kwa mwenzake. Mimi nilikuwa nimekaa kanisani miaka yote ile na sijawahi kusikia neno la Kikristo kama lile. Nililia siku ile. Kwenye mazishi yako sikulia, kama uliona.

Jumatano walikuja, wabatizwa na wasiobatizwa. Kamba ya Mtemi aliishika Malogo mwenyewe. Maksai wako alikufa vizuri, alikuwa na mafuta mengi, na vijana walikula mpaka wakaanza kusinzia juu ya boriti. Togwa nilitengeneza mitungi yote niliyonayo. Ngozi yake imewambwa mlangoni kwa Malogo. Nguzo zote mpya tulizikata za mpingo, na Malogo alizigonga kila moja kabla ya kusimikwa, watoto wakisikiliza. Mwalimu Andrea naye alipewa mchi. Mwanzoni aligonga kama anabisha hodi kwa mkwe, watu wakamcheka, akazoea.

Paja moja nilikuwa nimeliweka kando. Mimi na Malogo tulilibeba kwenda Haneti. Njiani nilikuwa sijui nitasema nini. Mbeleje alikuwa amekaa nje kwa mpwa wake akichambua mbegu za maboga, amekonda, jicho moja limeingia ukungu. Nilipiga magoti. Nikamwambia, "Shikamoo, bibi. Paa la kanisa lilivunjwa na mume wangu. Wewe hukulivunja. Nimelisema mbele ya watu wote, na wao wamesikia." Malogo akaliweka paja mbele yake, akasema jina la baba yenu, akasema kosa ni la nyumba ile.

Nilidhani atalia, au atatutukana. Ningekuwa mimi ningetukana. Aliendelea kuchambua mbegu zake mpaka nikadhani hakusikia. Kisha akauliza, "Hilo paa jipya limekauka?"

Nikasema limekauka.

"Lina jua?"

Nikasema lina jua kutwa nzima.

Akainuka akachukua chungu chake.

Hakuniambia amesamehe, nami sikumwomba aniambie. Wapo wanaopita mbali naye bado, hasa wale waliokuwa wakilia sana siku ya maziko ya mtoto. Lakini maji anachota. Jana, wakati mwalimu anafundisha ndani, nilimwona amepanda na ungo wake, anautandaza mlenda taratibu, anaugeuza kwa vidole. Watoto walisikia nyayo juu ya vichwa vyao wakanyamaza wote. Mwalimu Andrea akatazama juu. Kisha akaenda kwenye nguzo ya katikati akaigonga kwa kidole, akasikiliza, akaendelea na somo. Nilikuwa mlangoni, nikaona.

Ningependa Sechelela awe pale. Angekuwa sasa anasoma bila kufuata kwa kidole. Kila nikimwona mtoto wa rika lake anakuja na kibao chake, kuna kitu kinanishika hapa chini ya titi na sina jina lake katika lugha yoyote kati ya zile mbili.

Nimekuandikia haya yote kwa hasira, na ninajua watasema hasira ya namna hii mjane hawezi kuwa nayo, lazima kuna aliyempitia. Hakuna aliyenipitia. Hasira ni yangu, nimeilima mwenyewe na kuipalilia. Siku nikiulizwa habari zake nitajibu kwa kinywa changu, na kama nina adhabu nitaipokea kwa mikono hii hii iliyokufukulia mwanao.

Nakuaga, Baba Sechelela. Kaburi lako nalisafisha, usiwe na wasiwasi, majani hayatakufunika. Nakuahidi kila kiangazi nitachukua mchi nizigonge nguzo za kanisa lile, mpaka mikono ishindwe, na ikishindwa nitakuwa nimekwisha kumfundisha mwingine. Nakuahidi pia kwamba hapa hakuna mtu atakayesema tena mbele yangu kwamba Shetani alimuua mwanangu.

Kukuombea upumzike bado siwezi. Nakuombea jambo moja tu. Huko uliko najua utaitwa kwa jina lako, kama alivyoitwa yule wa bustanini, na utaulizwa habari ya mtoto. Usitazame pembeni. Usitafute nani amesimama mlangoni. Jibu wewe.

Mimi mama yake,
Mama Sechelela